Mafuta yamepanda: V8, turbo ndogo, haibridi au gari nyepesi, injini ipi inakufaa kwenye gari kali?

Kila mafuta yakipanda bei maneno ni yaleyale, uza hiyo V8 (injini ya silinda nane) chukua cc ndogo yenye turbo (feni inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini), nguvu utapata ileile na tenki utajaza mara chache. Wanaosema hivyo hawajakosea sana ila wameacha kitu kikubwa nje, na hicho ndo kinaamua kama hela itabaki mfukoni, nacho ni mguu wako. Gari mbili zenye farasi (nguvu za injini) sawa zinaweza kula tofauti kabisa au zikala sawasawa kutegemea nani kakaa kwenye usukani na anapita njia gani kila siku. Kwaiyo nalinganisha hapa aina za injini ambazo mtu anayependa gari kali atakutana nazo sokoni, na nitasema wazi ipi naona inalipa na ipi inauzwa kwa namba za makaratasi.

Kwanza tuwekane sawa kwenye jambo moja. Injini ya petroli ikitoa farasi 300 kweli, mguu umezama mpaka mwisho, inachoma kama lita moja na nusu kwa dakika. Dakika, sio saa. Na hapo haijalishi sana kama hizo farasi zimetoka kwenye silinda nane au nne, maana kila farasi inadai petroli yake. Ila gari hiyohiyo ikitembea 100 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka inahitaji farasi 20 hivi tu kupasua upepo na kuzungusha matairi, na hapa ndo ukubwa wa injini unapoanza kuuma. V8 kubwa inayotoa farasi 20 imebanwa pumzi, mlango wa hewa umefunguka kidogo sana, pistoni zinapoteza nguvu kuvuta hewa kwenye upenyo mdogo, afu kuna msuguano wa silinda zote nane. Injini ndogo ikitoa farasi hizohizo 20 inafanya kazi kwa nafasi nzuri zaidi. Faida yote ya turbo ndogo iko hapo, kwenye kutembea taratibu. Ukikanyaga, faida inayeyuka.

Mustang mbili, bodi moja

Mfano mzuri kuliko yote ni Ford Mustang ya 2015 kwa sababu bodi ni moja, unachagua injini tu. Kuna 5.0 V8 ya farasi 435 na kuna 2.3 EcoBoost ya silinda nne yenye turbo, farasi 310. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani V8 ilipata wastani wa maili 19 kwa galoni, yaani kilomita 8 hivi kwa lita, na EcoBoost ikapata 25 au 26 kutegemea giaboksi, sema km 10.6 mpaka 11 kwa lita. Ukitembea kilomita 15,000 kwa mwaka tofauti ni kama lita 450. Chukua hizo lita 450 zidisha na bei ya mafuta unapoishi, hiyo ndo hela unayoilipa kwa mwaka ili usikie V8. Kwa mtu mmoja ni pesa ndogo ya raha, kwa mwingine ni pesa ya matairi na servisi ya mwaka mzima, siwezi kukuamulia.

Lakini angalia vizuri tofauti inatokea wapi. Mjini V8 ilikuwa kwenye km 6.4 kwa lita na ile ndogo ikawa kwenye 9, hapo pengo ni kubwa. Barabara kuu V8 ikafika 10.6 na ndogo 13 na kidogo. Kwaiyo kama wewe unakaa kwenye foleni asubuhi na jioni, V8 isiyo na turbo itakula hela yako bila hata kukupa raha maana kwenye foleni hakuna pa kukanyaga.

Sasa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti, nalo ni okteni, yaani uwezo wa petroli kutolipuka kabla ya wakati. Zile farasi 310 za EcoBoost zilipimwa kwa petroli ya okteni 93 ya Marekani, ukiweka ya kawaida ya 87 zinashuka mpaka kwenye 275 hivi. Injini ya turbo inagandamiza hewa kwa nguvu, hewa inapata joto, na petroli ya okteni ndogo inataka kulipuka kabla ya wakati wake, kwaiyo kompyuta inachelewesha cheche ili pistoni zisipigwe. Cheche ikichelewa nguvu inapungua na mafuta yanaongezeka, maana unakanyaga zaidi kupata mwendo uleule. Kwaiyo ukipiga hesabu ya turbo ndogo usitumie bei ya petroli ya kawaida kama utalazimika kununua ile ya bei ya juu kila siku, utajidanganya.

Na kuna la pili. Turbo ikisukumwa muda mrefu joto la ekzosi linapanda sana, na njia ya zamani ya kulipoza ni kumwaga petroli ya ziada ndani ya silinda. Hiyo petroli haikupi mwendo, iko pale kulinda turbo na kichujio cha moshi visiungue. Ndo maana mtu anayeendesha turbo ndogo kwa fujo analalamika kwamba inakula kama V8, na anasema kweli. Watengenezaji wamepambana na hili kwa njia nyingi, wengine wanapoza mabomba ya ekzosi kwa maji ndani ya kichwa cha silinda, BMW kwenye M4 GTS ya 2016 wakaweka mpaka mfumo wa kupuliza maji kwenye hewa inayoingia. Kwaiyo turbo ya miaka ya karibuni ina nidhamu kuliko ya zamani, ila ukiwa mtu wa kukanyaga kila taa ikiwaka kijani usitegemee miujiza.

Cc zinadanganya

Watu wengi wakisikia cc 6200 wanakimbia, wakisikia cc 1300 wanatabasamu. Subiri kidogo.

Chevrolet Corvette C7 ilitoka 2014 na V8 ya lita 6.2 isiyo na turbo, farasi 455, na kwenye kipimo cha barabara kuu yenye gia za mkono ilipata maili 29 kwa galoni, yaani zaidi ya km 12 kwa lita. Hiyo iko karibu sana na Mustang ya silinda nne. Imewezekanaje? Gari ni nyepesi kwa saizi ya injini yake, iko chini na inapasua upepo vizuri, gia ya saba ni ndefu kwaiyo injini inazunguka polepole, na ikitembea bila kukanyagwa inazima silinda nne inabaki na nne. Ukiikanyaga zinarudi zote. Mjini ikashuka mpaka maili 17, km 7 tu kwa lita, ujanja umeishia hapo.

Upande wa pili chukua Mazda RX-8. Injini ya kuzunguka, haina pistoni, inaandikwa cc 1300, na wastani wake ni maili 18 kwa galoni, chini hata ya Mustang V8 ya cc 5000! Chumba chake cha kuchomea ni kirefu na chembamba, moto hausambai vizuri na petroli nyingine inatoka bila kuungua sawasawa, afu hizo cc zenyewe zinahesabiwa kwa namna inayoifanya ionekane ndogo kuliko hewa inayomeza. Napenda sana sauti ya hizi injini, ila historia yao na bei ya mafuta ni ya maumivu, baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973 mauzo ya Mazda yaliporomoka na kampuni ikakaribia kuanguka, na RX-8 yenyewe ikaacha kutengenezwa 2012.

Mwaka huo 1973 umetengeneza mengi tunayoyaona leo. BMW walikuwa wametoka kuonyesha gari yao iitwayo 2002 Turbo kule Frankfurt, mafuta yakapanda wakatengeneza gari 1,672 tu na kufunga. Ford wakaleta Mustang II ya 1974 bila V8 kabisa, na mwaka uliofuata wakairudisha kwa sababu wanunuzi waliililia. Volkswagen wao 1976 wakaleta Golf GTI, lita 1.6, farasi 110, gari ya kilo 800 na kidogo, na ikawa moja ya gari za kufurahisha zaidi za kizazi chake. Hakuna turbo wala silinda nane, wamepunguza uzito tu. Nitarudi kwenye uzito maana mi naona ndo jibu ambalo watu wanaliruka.

Silinda sita yenye turbo

Kama ungeniuliza bila kunipa maelezo mengine, gari moja ya kutumia kila siku na bado iwe kali, ningekuambia silinda sita, lita tatu, turbo. Sababu ni hii.

BMW M3 ya E92 (hiyo ni kodi ya kizazi chake) ilikuwa na V8 ya lita 4.0 isiyo na turbo, inapanda mpaka mizunguko 8,400 kwa dakika, tamu sana kusikiliza. Iliyofuata, F80 ya 2014, ikawekewa silinda sita lita 3.0 na turbo mbili. Farasi zikapanda kidogo tu, 420 kwenda 431, ila nguvu ya kuvuta ikatoka Nm 400 mpaka 550, na hizo 550 zinaanza mapema kwenye mizunguko 1,850 wakati V8 ilitaka karibu 4,000. Kwa kipimo cha Ulaya cha wakati ule matumizi yalitoka lita 12.4 kwa kilomita 100 mpaka 8.8. Kuvuta mapema maana yake ni kwamba unapita lori bila kushusha gia mbili, na injini inayozunguka taratibu inakula kidogo.

Tahadhari, kile kipimo cha zamani cha Ulaya kilikuwa cha upole mno, dakika 20 hivi na mwendo wa juu kabisa 120 tena kwa muda mfupi, na gari za turbo zilikipenda kwa sababu turbo ilikuwa haiamki. Kuanzia Septemba 2017 kikaanza kubadilishwa na WLTP ambacho ni kirefu zaidi na kinakanyaga zaidi. Ukikuta gari ya 2014 na ya 2020 zinalinganishwa kwa namba za kampuni, ujue zimepimwa kwa rula mbili tofauti.

Mfano mwingine unaonifurahisha ni Toyota Supra iliyotoka 2019. Ilikuwepo ya 2.0 silinda nne na 3.0 silinda sita, zote za turbo, injini zote za BMW. Kwa kipimo cha Marekani cha 2021 ndogo ilipata wastani wa maili 28 na kubwa 25, yaani km 11.9 kwa lita dhidi ya 10.6. Kwa kilomita 15,000 ni kama lita 150 kwa mwaka. Lita 150! Na kubwa ina farasi 382, ndogo 255. Yaani hiyo ya sita inakula karibu sawa na Mustang ya silinda nne yenye farasi 310. Hapo mtu akichukua ya 2.0 kwa sababu ya mafuta peke yake naona kapoteza, labda kama bei ya kununua au bima ndo iliyomzuia, hilo ni jambo lingine na ni la haki kabisa.

Mara nyingine kupunguza kunarudi nyuma. Porsche 2016 walitoa silinda sita kwenye Boxster na Cayman wakaweka nne zenye turbo, ile S ya lita 2.5 ikawa na farasi 350 na lita 8.1 kwa km 100 kwenye karatasi. Gari ilikuwa na kasi kuliko iliyotangulia, ila wapenzi wa gari walilalamikia sauti mpaka 2020 ikarudi GTS ya lita 4.0 silinda sita bila turbo, farasi 400, lita 10.8. Wanaonunua gari ya namna hii kwa raha za wikendi walikubali kulipia zile lita mbili na zaidi, na mi siwalaumu, gari inayotembea kilomita 5,000 kwa mwaka tofauti hiyo ni kama lita 135 tu kwa mwaka mzima.

Haibridi

Hapa pana utata. Haibridi, yaani injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, kwenye gari kali ziko za aina mbili na ukizichanganya utanunua kitu kisichokufaa.

Aina ya kwanza ni ya kuchomeka kwenye umeme. Mercedes-AMG C63 iliyotangazwa 2022 iliacha V8 ikaweka lita 2.0 ya silinda nne pamoja na mota ya umeme nyuma, jumla farasi 680, ila kwa umeme peke yake inatembea kilomita 13 na uzito umevuka kilo 2,100, zaidi ya kilo 300 juu ya ile ya V8. Kilomita 13 haikufikishi mbali, kwaiyo muda mwingi unabeba betri na mota huku silinda nne ikifanya kazi. BMW M5 ya 2024 imekwenda njia nyingine, imebaki na V8 ya lita 4.4, ikaongeza betri kubwa inayoitembeza zaidi ya kilomita 60 kwa umeme, farasi 727, na uzito kama tani 2.4. Nzito kweli, ila ukiwa na mahali pa kuchaji nyumbani na kazini kwako ni karibu, wiki nzima unaweza usiguse petroli na V8 yako bado ipo. Usipokuwa na pa kuchaji, achana nayo kabisa, utakuwa unanunua petroli ya kusafirisha betri tupu.

Aina ya pili haichomekwi, inajichaji yenyewe. Porsche 911 GTS ya 2024 ina betri ndogo ya kWh 1.9, mota moja iko kwenye giaboksi na nyingine iko ndani ya turbo yenyewe, inaizungusha kabla moshi haujawa na nguvu na moshi ukizidi inageuka jenereta. Farasi 541, na uzito umeongezeka kilo 50 hivi tu. Huu ndo uhandisi ninaoupenda, joto na moshi uliokuwa unapotea unarudishwa kazini. Lengo lao kubwa ni mwendo kuliko kubana mafuta, bei yake pia sio ya mchezo, ila njia hii ikishuka kwenye gari za kawaida itasaidia wengi.

Dizeli na umeme kwa kifupi

Dizeli kali zilikuwepo na zilikuwa nzuri. Audi walishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans 2006 na R10 ya V12 dizeli, na BMW M550d ilikuwa na turbo nne na Nm 760. Kwa safari ndefu bado hakuna petroli ya kuzifikia kwa ulaji. Tatizo ni kwamba baada ya sakata la Volkswagen la 2015 la kudanganya vipimo vya moshi wa dizeli kampuni nyingi ziliachana nazo, nyingi zilizobaki ni mtumba, na dizeli ya kisasa haipendi safari fupi fupi, kichujio cha masizi kinaziba na bili ya fundi inameza ulichookoa.

Umeme, kama Hyundai Ioniq 5 N yenye farasi 650 na betri ya kWh 84, unakula kama kWh 21 kwa km 100 kwa kipimo cha Ulaya, na bei ya petroli haikuhusu tena. Ina tani 2.2, itakula matairi, na ukiipeleka uwanjani kuikimbiza betri inaisha haraka.

Gari nyepesi

Mazda MX-5 ya sasa ina lita 2.0 bila turbo, farasi 181 kwa soko la Marekani, tani moja na kidogo tu. Wastani wake wenye gia za mkono ni maili 29 kwa galoni, km 12.3 kwa lita, yaani imeizidi hata ile Supra ya 2.0 yenye turbo. Haina turbo ya kuharibika wala betri ya kubeba, na breki na matairi vinadumu kwa sababu gari haina uzito. Kwenye kona inakupa raha ukiwa na 70 kwa saa, wakati gari ya tani mbili inataka 130 ndo uanze kusikia kitu, na upepo unakuwa mkali kadri unavyoongeza mwendo, ukiongeza spidi mara mbili nguvu ya kuupasua inataka mara nane. Mtu anayepata raha yake kwenye mwendo mdogo anaokoa petroli bila kujinyima chochote. Ubaya wake ni viti viwili na buti ndogo. Ukihitaji viti vya nyuma kuna Toyota GR Yaris, lita 1.6 silinda tatu turbo, farasi 261 ilipotoka Ulaya, inavuta magurudumu yote manne, ingawa huko nyuma mtu mzima hakai kwa furaha.

Kwaiyo nikikupangia: unakaa mjini kwenye foleni na pa kuchaji huna, chukua nyepesi yenye injini ndogo, yenye turbo au isiyo nayo. Safari ndefu kila wiki, lita tatu silinda sita. Unachaji nyumbani na bajeti ipo, haibridi yenye betri ya maana. Gari ya wikendi tu, chukua V8 uliyoiota, kwa kilomita chache unazotembea mafuta hayatakuwa gharama yako kubwa, bima na kushuka kwa thamani vitakuuma kwanza.

Na kabla hujalipa, hasa kwa gari ya mkononi, fungua kompyuta ya kwenye dashibodi uangalie wastani wa muda mrefu, picha ya simu inatosha. Hiyo ni namba ya mguu wa mwenye gari wa kwanza, na kwa turbo inakuambia pia ilivyokanyagwa. Afu futa ile ya safari, omba uipitishe njia yako halisi ya kazini kwa mwendo wako wa kila siku, na muulize aliyekuwa anaitumia alikuwa anaweka petroli ya okteni ngapi na oili anabadilisha baada ya kilomita ngapi. Akibabaika kwenye hayo mawili na gari ni ya turbo, shusha bei au tafuta nyingine.